Mchoro wa AutoCAD Ukigoma: Namna ya Kuuokoa Hatua kwa Hatua

Faili la DWG, yaani mchoro uliohifadhiwa na programu ya AutoCAD, likigoma kufunguka, kinachoumaliza mchoro mara nyingi ni haraka ya mwenyewe. Anabofya tena na tena, anahifadhi kile kilichofunguka nusu, anampa rafiki flashi "alisafishe", na ndani ya robo saa nakala ya mwisho iliyokuwa nzima imeshafutwa. Inaniuma kuona kazi ya wiki nzima ikipotea hivyo, kwa sababu mafaili mengi tunayoyazika yalikuwa bado yanaokoleka.

Haya nimeyaandika kwa wachoraji, wapima ardhi na wanafunzi wa Uganda wanaotumia AutoCAD, wawe Kampala, Mbale, Arua au Mbarara. Amri nimeziweka kwa herufi kubwa: ziandike kwenye mstari wa amri kisha ubonyeze Enter. Wanaotumia BricsCAD au ZWCAD, programu za kuchorea zinazofanana nayo, watazikuta nyingi kwa majina yaleyale.

Hatua ya 1: Nakili kabla ya kugusa

Tengeneza folda mpya kwenye diski ya kompyuta yenyewe, si kwenye flashi. Nakili humo faili lenye tatizo pamoja na kila kinachobeba jina lake, hasa lile linaloishia na .bak. Kuanzia hapo fanya kazi kwenye nakala tu.

Sababu ni hii. Kila unapohifadhi, AutoCAD hulichukua toleo lililokuwa kwenye diski na kuligeuza kuwa .bak, ikifuta .bak ya zamani. Ukifungua mchoro ulioharibika na kuuhifadhi, ule ulioharibika ndio unaokuwa .bak yako, na ile nzima imekwenda. Kuhifadhi mara moja tu kunatosha.

Ukiambiwa kwamba faili linatumiwa na mtu mwingine, na una hakika hakuna aliyelifungua, tazama kama kuna mafaili madogo yenye jina lilelile yanayoishia na .dwl na .dwl2. Hizo ni kufuli ambazo programu huziweka inapofungua mchoro na kuziondoa inapofunga. Umeme ukikatika ghafla, hubaki. Ulizia ofisini kwanza. Kama kweli hakuna mtu ndani ya mchoro huo, zifute.

Hatua ya 2: Jua ugonjwa uko wapi

Fungua mchoro mpya mtupu kutoka kwenye acadiso.dwt, chora mistari miwili mitatu, uhifadhi. Kisha fungua mchoro mwingine wa zamani unaojua ni mzima. Kama hata hiyo inasumbua, faili lako halina kosa. Tatizo ni programu au kompyuta. Dirisha la kuchagua faili halitokei, bali unaulizwa jina kwenye mstari wa amri? Andika FILEDIA na uweke 1. Skrini inaacha vivuli vya mistari, au programu inazimika kila unapokuza? Andika GRAPHICSCONFIG, uzime usaidizi wa kadi ya picha, ujaribu tena.

Michoro mingine ikifanya kazi vizuri na huu mmoja ndio unaogoma, endelea.

Hatua ya 3: Soma herufi sita za mwanzo

Watu wengi huiruka hatua hii, nami naithamini kuliko zote, maana inachukua dakika moja na inakuzuia kuhangaika bure. Chukua nakala ya mchoro, uifungue kwa Notepad. Utaona takataka za alama zisizosomeka, lakini mwanzoni kabisa, juu kushoto, kuna herufi sita zinazosomeka. Zisome, kisha funga bila kuhifadhi.

Ukiona AC1032, mchoro uko katika muundo wa AutoCAD 2018, ambao matoleo yaliyofuata nayo yameendelea kuutumia. AC1027 ni muundo wa 2013, uliotumika hadi toleo la 2017. AC1024 ni wa 2010, AC1021 ni wa 2007, AC1018 ni wa 2004, na AC1015 ni wa 2000. Kwa hiyo kama kompyuta yako ina AutoCAD 2014 na faili linaanza na AC1032, hakuna kilichoharibika: umetumiwa mchoro mpya kuliko programu yako. Mwombe aliyekutumia auhifadhi kwa muundo wa 2013 au wa chini zaidi. Kama hapatikani, DWG TrueView ya Autodesk na ODA File Converter ya Open Design Alliance hubadilisha muundo, na zote mbili hupatikana bure.

Ukiona PK, hilo ni faili la zipu lililobadilishwa jina. Lipe mwisho wa .zip ulifungue. Ukiona %PDF, ni PDF. Ukiona neno html mwanzoni, ulichopakua ni ukurasa wa tovuti badala ya mchoro wenyewe. Rudi kwenye kiungo upakue upya. Na ukiona nafasi tupu tangu juu hadi chini, hakuna herufi hata moja, ujue umeme ulikatika wakati wa kuhifadhi au flashi ilichomolewa mapema: nafasi ilitengwa kwenye diski lakini mchoro haukuwahi kuandikwa. Hapo hakuna amri itakayosaidia. Nenda moja kwa moja hatua ya nne.

Hatua ya 4: Tafuta nakala zilizofichika

Ruhusu Windows ionyeshe miisho ya majina ya mafaili, kisha ile .bak uliyoinakili uibadilishe jina: kama ni nyumba-ntinda.bak, iite nyumba-ntinda-akiba.dwg. Ifungue. Itakuwa na kila kitu isipokuwa ulichofanya baada ya kuhifadhi mara ya kabla ya mwisho. Kwa mtu anayehifadhi kila baada ya dakika chache, hiyo ni hasara ndogo sana.

Ya pili ni .sv$, ambayo programu hujihifadhia yenyewe. Andika SAVEFILEPATH uone inawekwa wapi. Mara nyingi ni folda ya muda ya Windows, ambayo unaifikia kwa kuandika %temp% kwenye upau wa anwani. Panga mafaili kwa tarehe, tafuta yanayoanza na jina la mchoro wako, nakili lililo jipya zaidi, badilisha mwisho uwe .dwg. Fanya hivyo mapema. Mafaili haya hufutwa ukifunga mchoro kwa njia ya kawaida, yaani yapo tu kwa sababu programu ilizimika vibaya. Usiache mtu apitishe programu ya kusafisha kompyuta kabla hujayachukua. Amri ya DRAWINGRECOVERY nayo hukuonyesha kwa pamoja mchoro, .bak na .sv$ baada ya kuzimika huko.

Ukiwa hapo, andika ISAVEBAK, inayoruhusu .bak itengenezwe, uhakikishe ni 1, na SAVETIME, muda wa programu kujihifadhia, uipunguze kutoka dakika 10 za kawaida hadi 5. Kwa maeneo yetu ambako umeme hukatika bila taarifa, tano zenyewe ni nyingi kwa mwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba).

Hatua ya 5: Tengeneza, kutoka kwa upole kwenda kwa nguvu

Usiufungue mchoro kwa kubofya. Fungua AutoCAD ikiwa tupu, andika RECOVER, uchague nakala yako. Programu itausoma kwa uangalifu na kurekebisha inachoweza. Kama una michoro mingine iliyounganishwa ndani yake kwa xref, tumia RECOVERALL ili nayo ipitiwe. Ukifunguka, andika AUDIT, jibu Y, na urudie hadi makosa yaliyopatikana yawe sifuri. Uhifadhi kwa jina jipya.

Ukikataa, fungua mchoro mtupu na uuingize ule mbovu kama bloku (vitu vingi vinavyoshikwa kama kimoja): INSERT, tafuta faili, uweke kwenye 0,0, kipimo 1, na uweke alama ya kuivunja bloku. Njia hii huacha nyuma uchafu mwingi. Lakini huleta kilichochorwa kwenye model (eneo la kuchorea) tu. Kurasa za layout, zile za kuchapia, hazifuati. Ili kuzipata andika LAYOUT, chagua T, uelekeze kwenye faili la zamani, uchukue ukurasa mmoja mmoja. Ukurasa mmoja ukiizimisha programu, umeshampata mkosaji.

Kuna michoro inayofunguka vizuri lakini ukigusa sehemu fulani kila kitu kinaganda. Hapo gawanya. Kwa WBLOCK toa nusu ya mchoro kwenye faili jipya, na nusu nyingine kwenye faili la pili. Lile linaloganda ligawe tena. Baada ya kugawa mara chache utabaki na kipande kidogo, mara nyingi hachi (hatch, mistari ya kujaza eneo) moja iliyochorwa kwenye eneo lisilofungika au bloku ya samani iliyopakuliwa mtandaoni, ambayo utaichora upya haraka kuliko kuitibu. Kuhifadhi kama DXF, muundo mwingine wa faili la mchoro, kisha kuifungua hiyo DXF nako husaidia mara nyingine, maana programu hulazimika kuandika kila kitu upya.

Mchoro unafunguka, ila ni mzito kupita kiasi

Nyumba ya vyumba vitatu haipaswi kuwa na faili la megabaiti 60. Uzito huo kwa kawaida hutokana na kunakili na kubandika kutoka mchoro mmoja kwenda mwingine kwa miaka: kila ukibandika unabeba leya (matabaka ya mchoro), bloku, orodha za vipimo na majina ya programu yasiyoonekana.

Anza na PURGE, utoe kila kisichotumika, ukiweka alama pia kwenye kisanduku cha data yatima kama toleo lako linacho. Hicho huondoa mabaki ya mistari ya DGN, ambayo huingia kutoka michoro ya MicroStation, programu nyingine ya kuchorea, na kuenea kimyakimya. Kisha andika -PURGE, yenye kistari mbele, uchague R, uweke *, na ujibu N ili usiulizwe jina moja moja. Halafu -SCALELISTEDIT, R, Y, E. Halafu OVERKILL, inayofuta mistari iliyolaliana. Funga kwa AUDIT. Pima uzito wa faili kabla na baada, utaona.

Mchoro unafunguka, ila hakuna kinachoonekana

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu Uganda ina jambo ambalo nchi nyingi hazina: ikweta inapita katikati yetu.

Ukiandika ZOOM kisha E ukaona vidoti viwili, kimoja kwenye kona hii na kingine kwenye kona ile, maana yake una vitu viwili vilivyo mbali mno. Weka kishale kwenye kimoja, usome namba za mahali, kisha kingine. Sasa zifikirie hizo namba. Sehemu kubwa ya nchi iko katika ukanda wa 36 wa UTM (mfumo wa ramani unaotaja mahali kwa mita), unaoanzia longitudo 30 mashariki. Kisoro iko ng'ambo ya mpaka huo, katika ukanda wa 35. Kaskazini ya ikweta tunatumia 36N na namba ya kaskazini (Y) inaanza sifuri kwenye ikweta yenyewe, kwa hiyo katikati ya Kampala inasoma kama 35,000. Kusini ya ikweta, katika 36S, namba hiyohiyo huanza na 10,000,000 na kupungua ukienda kusini, kwa hiyo Masaka inasoma karibu 9,962,000.

Tazama sasa kinachotokea kwa barabara ya Kampala kwenda Masaka. Timu moja imepima upande wa Mpigi kwa 36N, nyingine imepima Lukaya kwa 36S. Barabara inavuka ikweta Kayabwe, pale penye duara la watalii kupigia picha, na hapohapo mchoro unakatika: kipande cha pili kinaruka umbali wa mita milioni kumi. Si kosa la faili wala la mpimaji. Chagua vitu vyote vya upande wa kusini, andika MOVE, anza 0,0 na umalizie 0,-10000000. Vitakaa mahali pake sawasawa, vikiwa na namba hasi kusini ya ikweta, kwa sababu 36N na 36S ni mfumo uleule wa ramani wenye tofauti ya namba hiyo moja tu. Hakikisha kwamba timu zote zilitumia Arc 1960 au zote WGS84, ambayo ni mifumo miwili tofauti ya rejea ya upimaji. Zikichanganywa, tofauti ni kama mita 300 upande wa kaskazini na kusini, na hiyo haiondoki kwa MOVE. Mpimaji aibadilishe kwa programu yake ya upimaji au kwa QGIS.

Namba kubwa namna hiyo huleta maudhi mengine: hachi kukataa, duara kuonekana na pembe, mistari kutetemeka ukikuza. Kishawishi ni kuuburuta mchoro wa mpimaji hadi karibu na 0,0. Nakusihi usifanye hivyo. Namba zile ndizo zinazounganisha mchoro na mawe ya mpaka yaliyofukiwa ardhini. Chora nyumba yako kwenye faili lake karibu na 0,0, na kiwanja ukilete kwa xref, au uwe na nakala iliyosogezwa huku ya asili ikibaki ilivyo, ukiandika pembeni umesogeza kiasi gani.

Kuna na urefu wa kwenda juu. Kampala iko kama mita 1,190 juu ya usawa wa bahari, na nukta za upimaji zinakuja na urefu huo ndani yake, wakati kuta zako ziko sifuri. Ukitazama kutoka juu vinaonekana vimegusana. Pima kwa DIST upana wa kiwanja cha futi 50 kwa 100, kutoka kona ya ukuta hadi jiwe la ng'ambo: badala ya mita 15.24 unasoma 1190.10. FILLET inakataa, mistari haifungi, na mtu anadhani faili limeharibika. Kwenye nakala ya kuchorea, chagua vyote utumie FLATTEN. Ukitaka kuzuia tu kisijirudie, weka OSNAPZ iwe 1.

Na vipimo. Mpimaji anachora kwa mita, msanifu kwa milimita, na mwenye kiwanja anakuambia kwa futi. Kitu kikiingia kikiwa kikubwa mara 1000, au mara 3.28, usikitafutie dawa kwingine. Andika UNITS kwenye mafaili yote mawili, ulinganishe, urekebishe lililodanganya, uingize upya.

Maandishi yamekuwa alama za kuuliza

Fonti haipo kwenye kompyuta yako. Andika STYLE uone jina lake. Liombe faili la .shx kwa aliyetuma, au chagua simplex.shx badala yake, ukijua mistari ya maandishi inaweza kubadilika urefu. Kama kinachokosekana ni kontua (mistari ya mwinuko wa ardhi) au barabara nzima, na ulipofungua uliambiwa kuna vitu vya programu nyingine, mchoro umetoka Civil 3D, programu ya Autodesk ya wahandisi. Weka PROXYSHOW iwe 1. Ikishindikana, mwombe mhandisi atumie -EXPORTTOAUTOCAD kwake kisha akutumie linalotoka.

Kila mchoro unaofungua unapata tatizo lilelile

Tatizo likihama na flashi, shuku kirusi. Tafuta kwenye folda zako mafaili yenye majina acad.lsp, acaddoc.lsp, acad.fas au acad.vlx. Virusi vya AutoCAD hupenda majina hayo kwa sababu programu huyapakia yenyewe inapofungua mchoro ulio kwenye folda hiyo, kisha vinajinakili kwenye kila folda inayofunguliwa. Ofisi nyingine zina acaddoc.lsp halali waliyoiandika wenyewe, kwa hiyo uliza kabla ya kufuta. Lisilo na mwenyewe lifute kwenye kompyuta, kwenye flashi na kwenye folda za seva, yote siku moja, la sivyo litarudi. SECURELOAD iwe 1, na ukiulizwa kama upakie faili usilolijua, kataa.

Kabla mchoro haujaenda kuchapwa

Usimpe bodaboda flashi yenye DWG peke yake aipeleke Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala. Kompyuta ya huko haina fonti zako wala xref zako. Kama ni lazima DWG iende kwa mtu, tumia ETRANSMIT, inayokusanya kila kinachohitajika kwenye zipu moja. Kwa kuchapa, toa PDF, ifungue kwenye simu yako uone kama kila leya imetokea, ndipo itumwe.

Mwambie mwenye plota (mashine ya kuchapa michoro mikubwa) achape kwa ukubwa halisi, asilimia 100, asiibane ienee kwenye karatasi. Karatasi ikitoka, kabla hujalipa, weka rula juu ya ukuta wa mita 10: kwa kipimo cha 1:100 lazima usome sentimita 10. Ukisoma 9.7, mchoro huo usipelekwe kupigwa mhuri, uchapwe upya.